Kuishi jirani na tembo, fisi na nyati kati ya Meru na Kilimanjaro: mwongozo kwa mwenye shamba, mifugo na watoto

Anayelima Ngarenanyuki, Siha au Olmolog analima katikati ya mapito ya wanyama. Upande mmoja ipo Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, ambayo nyati wake hushuka hadi kwenye kingo za mashamba. Upande mwingine upo msitu wa Kilimanjaro, na kati ya msitu huo na mbuga za Amboseli nchini Kenya kuna ushoroba wa Kitendeni, ambao tembo waliupita kabla ya babu zetu kupanda hindi la kwanza pale. Ushoroba huo umebanwa na mashamba na makazi, lakini tembo hawajausahau, wala hakuna uzio utakaowasahaulisha.

Katika miaka niliyolima na kulinda shamba upande huu wa mlima, nimejiridhisha kwamba mnyama haji nyumbani kwa mtu bila sababu. Anavutwa na harufu, anafuata maji, au anapita njia aliyoizoea, na mara nyingi yanayotupata usiku yalianza kutengenezwa mchana, kwa gunia lililoachwa mahali pabaya au kwa safari iliyoanza saa isiyofaa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi za mchana, na sehemu ndogo tu inahusu dakika ile ambayo mtu anajikuta ametazamana na mnyama.

Hatua ya kwanza: zijue njia zao na majira yao

Kabla ya kununua kamba, tochi au pilipili, zunguka mpaka wa shamba lako mchana pamoja na mzee aliyekulia hapo, na umwombe akuonyeshe mahali wanyama walipopita zamani. Wayo wa mbele wa tembo ni wa mviringo, wa nyuma umerefuka kidogo, na mikunjo ya ngozi ya unyayo huonekana wazi kwenye udongo laini. Kinyesi chenye unyevu ndani ni cha karibuni. Kilichokauka hadi katikati na kuanza kuchimbwa na mchwa ni cha siku nyingi. Angalia pia vigogo vya miti vilivyopakwa tope kwa juu kuliko kimo cha mtu, kwa kuwa tembo hujikuna pale pale anapopitia.

Baba yangu mkubwa alikuwa na desturi ya kuandika nyuma ya kalenda ya ukutani kila usiku tembo walipofika: tarehe, upande waliotokea, na mahindi yalikuwa na umri gani. Alipokwisha kuandika misimu mitatu, aliniita akanionyesha kwamba karibu kila safari walitokea kwenye korongo lile lile, na kwamba hawakuja mahindi yalipokuwa machanga, bali yalipoanza kutoa mbelewele hadi yalipokomaa. "Mwanangu," aliniambia, "hatuna haja ya kulinda shamba zima mwaka mzima. Tulinde upande huu, kwa wiki hizi." Daftari la namna hiyo halina gharama, na linafaa zaidi likiandikwa na kitongoji kizima, kwa kuwa tembo wanaokula kwako leo walionekana kwa jirani yako jana.

Mahindi yaliyopandwa mwanzo wa masika, Machi, ndiyo yanayohitaji ulinzi mkali kuanzia Juni. Wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa matupu, hatari huhamia kwenye maghala na kwenye maji.

Hatua ya pili: ondoa harufu nyumbani

Tembo mzima hula chakula cha kilo 150 au zaidi kwa siku, na pua yake hunasa harufu ya nafaka kutoka mbali sana. Usihifadhi mahindi katika chumba wanacholala watu. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo kosa linalofanywa na watu waangalifu kabisa: wanaogopa wezi, kwa hiyo wanapanga magunia karibu na kitanda cha watoto, na tembo akija anasukuma ukuta huo huo. Ghala lijengwe peke yake, hatua kadhaa kutoka nyumba ya kulala, na nafaka iliyokaushwa vizuri ifungwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ile inayotumika kuzuia dumuzi, kwa kuwa inapunguza pia harufu. Chumvi ya mifugo na pumba zikae humo humo. Ndizi zinazoivishwa kwa ajili ya mbege zisiachwe kwenye kibanda cha jikoni, kwani hunukia kitongoji kizima.

Fisi na chui wana harufu zao. Mbuzi akizaa, kondo la nyuma lizikwe siku hiyo hiyo kwa kina cha mkono mzima na kuwekewa mawe juu. Ndama akifa asitupwe korongoni ati fisi watamaliza kazi. Watamaliza kweli, kisha watarudi kesho yake kuuliza kama kuna mwingine. Mabaki ya machinjio, vichwa vya samaki na maganda ya chakula yafukiwe au yachomwe. Katika Marekani na Kanada, ambako watu wanaishi jirani na dubu, miji mingi ya milimani hutumia mapipa ya taka yenye vifuniko ambavyo dubu hawezi kuvifungua, kwa sababu dubu akishaonja chakula cha binadamu hupoteza hofu, hurudi tena na tena, na mara nyingi mwisho wake ni kuuawa. Fisi wa kwetu anajifunza kwa namna hiyo hiyo, na jalala lililo wazi nyuma ya soko ni shule yake.

Kuhusu maji: tangi la plastiki lililo karibu na dirisha la chumba cha kulala ni mwaliko wakati wa kiangazi. Lifunikwe, mabomba yafukiwe chini, na birika la kunyweshea mifugo lisiachwe limejaa usiku.

Hatua ya tatu: zizi

Fisi hupita chini na katikati. Chui hupita juu. Zizi la miiba peke yake humchelewesha fisi lakini halimzuii, kwa kuwa miiba hukauka, hulala, na kuacha tundu ambalo kichwa kinapenya, na kichwa kikipenya mwili unafuata. Katika Simanjiro na maeneo mengine ya Wamaasai umeenea uzio unaoitwa boma hai, yaani wavu wa seng'enge uliofungwa kwenye nguzo zilizo hai za mti unaochipuka kwa tawi, hivyo nguzo haziliwi na mchwa na uzio unazidi kuimarika kadiri miaka inavyokwenda. Ukiujenga, chimbia sehemu ya chini ya wavu ardhini au uilaze nje na kuifunika kwa mawe, ili anayechimba akutane nao.

Zaidi ya yote, kagua lango. Uzio mzuri wenye lango la matawi yaliyoegemezwa ni kazi bure. Lango liwe la mbao au bati, lifungwe kwa kitasa au mnyororo, na lisiache nafasi ya kupitisha ngumi chini yake. Mbuzi na kondoo, kama unaweza, walale katika banda lenye paa. Ng'ombe wakimnusa simba au fisi huweza kuvunja zizi kutokea ndani kwa woga, na wengi huuawa wakiwa wamekwisha kutoka. Kwa hiyo nguzo zihimili msukumo wa kutoka ndani kama zinavyohimili wa kutoka nje.

Usitege sumu. Najua uchungu wa mtu aliyepoteza mbuzi saba usiku mmoja, lakini mzoga uliowekwa dawa ya kuulia wadudu huua mbwa wa jirani na tai waliokuwa wakisafisha mbuga, na unaweza kumfikia mtoto anayeokota nyama.

Hatua ya nne: shamba na ulinzi wa usiku

Uzio wa pilipili ndio rahisi kuliko zote kwa mkulima mdogo. Chagua pilipili kali zilizokauka kabisa, uzitwange au uzisage ukiwa umefunga kitambaa puani na umevaa glavu, ukae upande ambao upepo unatoka. Changanya unga huo na oili chafu ya gari, inayopatikana kwenye gereji yoyote ya Sanya Juu au Usa River, hadi upate uji mzito unaong'ang'ania kitambaa. Simika nguzo kuzunguka shamba, vuta kamba ya katani yenye mistari miwili, mmoja usawa wa kifua cha mtu na mwingine juu ya kichwa, kisha ning'iniza vipande vya nguo kuukuu kila baada ya hatua chache na uvichovye vyote, kamba pamoja na nguo. Oili haizuii tembo. Kazi yake ni kushika pilipili mvua isiioshe mara moja. Hata hivyo mvua ikipiga kwa nguvu, paka upya. Uzio wa pilipili uliosahauliwa kwa mwezi mmoja ni kamba tu, na tembo anaijua kamba.

Njia ya pili ni matofali ya pilipili. Kanda unga wa pilipili na kinyesi kibichi cha ng'ombe, finyanga matofali, anika hadi yakauke, kisha jioni yawashe kwa makaa ili yafuke polepole bila kutoa moto. Yawekwe upande unaotoka upepo, ili moshi upite juu ya shamba. Ukiyaweka upande mwingine utakohoa wewe na watoto wako, na tembo atakula.

Uzio wa mizinga ya nyuki ulifanyiwa majaribio kwanza Kenya na mtafiti Lucy King, na msingi wake ni kwamba tembo huogopa kuumwa na nyuki kuzunguka macho na ndani ya mkonga. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita 10, ikiunganishwa kwa waya, ili tembo akisukuma waya mizinga itikisike na nyuki watoke. Ekari moja huhitaji mizinga 12 yenye nyuki na mingine 12 ya bandia, ikipishana. Ni gharama kubwa mwanzoni, na inafaa kufanywa na kikundi. Lakini asali inauzwa, jambo ambalo kamba ya pilipili haiwezi. Weka uzio huo mbali na njia ya wanafunzi, mbali na mifugo iliyofungwa, na mahali penye maua na maji, la sivyo mizinga itabaki mitupu.

Kwa ulinzi wenyewe wa usiku, watu wasipungue wawili, na wasilale chini. Dungu lijengwe juu ya nguzo imara kando ya shamba, si katikati ya njia ya tembo, na kila dungu lione mwanga wa dungu la jirani. Shirika la Honeyguide, lenye makao yake Arusha, limewafundisha wanavijiji, wakiwemo wa eneo la Enduimet, kumfukuza tembo kwa hatua zinazopanda. Kwanza ni tochi yenye mwanga mkali sana, ikielekezwa machoni kutoka mbali. Asipoondoka, inafuata honi. Akikaidi bado, hutumika kifurushi cha unga wa pilipili kinacholipuliwa hewani, na mwisho kabisa fataki. Hatua mbili za mwisho ziachiwe waliofundishwa. Faida ya kufuata mpangilio huo ni kwamba tembo hapati nafasi ya kuzoea. Ukianza kwa fataki leo, kesho huna cha kuongeza.

Sheria moja isivunjwe hata kwa hasira: tembo anayefukuzwa aachiwe upande wa kutokea, tena upande aliotokea. Watu wakimzunguka kwa kelele kutoka pande zote, au wakimsukuma kuelekea kwenye nyumba, wamemfungia, na aliyefungiwa hupigana. Mkuki na mshale humjeruhi bila kumwangusha, na tembo aliyejeruhiwa usiku huu atakutana kesho asubuhi na mama anayekwenda kisimani.

Upo pia uamuzi wa kilimo. Pilipili, tangawizi na vitunguu saumu havimvutii tembo kama mahindi, na mbegu za mahindi zinazokomaa mapema hupunguza wiki za kulinda. Siwezi kumwambia mtu aache kupanda chakula cha watoto wake, ila ekari iliyo karibu kabisa na njia ya tembo ni afadhali iwe ya pilipili kuliko ya mahindi. Zungumza na ofisa kilimo wa kata kuhusu soko kabla ya kupanda.

Hatua ya tano: saa za kutembea

Jioni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi alfajiri saa kumi na mbili ndiyo zamu ya wanyama. Mwanafunzi anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi namba shuleni anatembea ndani ya zamu hiyo, na wazazi wana haki ya kukaa na mwalimu mkuu kuomba muda usogezwe katika wiki ambazo tembo wapo. Watoto waende kwa kundi pamoja na mtu mzima, wakizungumza kwa sauti. Mnyama anayesikia watu mapema huwa amejiondoa kabla hawajafika.

Kuni na majani ya ng'ombe yakatwe jua likiwa limepanda, na kamwe si peke yako. Kingoni mwa msitu wa Meru, hofu kubwa ni nyati dume mzee aliyejitenga na kundi, ambaye hujilaza kichakani mchana, hakimbii anaposikia hatua, na hushambulia kwa umbali mfupi sana. Ukiona yangeyange au ndege wengine wanarukaruka juu ya kichaka na kurudi pale pale, usikikaribie kichaka hicho. Wakati wa joto hakuna mtu wa kulala nje kibarazani, hasa mtoto, na aliyekunywa mbege asindikizwe hadi mlangoni kwake. Dereva wa bodaboda akimkuta tembo barabarani asimame mbali, asipige honi, na ageuze.

Hatua ya sita: mkikutana uso kwa uso

Tembo hukimbia kilomita kama 40 kwa saa, kwa hiyo mbio za tambarare si kinga. Ukimwona kabla hajakuona, simama, chukua vumbi kidogo uliachie, na uone upepo unakoelekea. Ondoka polepole kwa namna ambayo harufu yako haimfikii, na uangalie kama kuna ndama. Usikae hata mara moja kati ya ndama na mama yake. Akikuona akatandaza masikio, akainua kichwa, akapiga kelele na kurusha vumbi, mara nyingi anakuonya: rudi nyuma kwa hatua ndogo ukimtazama, usimpe mgongo. Akibana masikio, akakunja mkonga kifuani na kuja kimya, amekusudia. Hapo weka kitu kikubwa kati yenu, mti mnene, mwamba, kichuguu au korongo lenye kingo zilizosimama, na umtupie begi, koti au kitenge, kwa kuwa mara nyingine husimama kushambulia kitu hicho na kukupa sekunde unazozihitaji.

Kwa nyati, panda mti au jifiche nyuma ya shina haraka. Kama amekuangusha na huna pa kwenda, lala kifudifudi, ushikamane na ardhi, kwa sababu pembe zake zilizopinda hupata shida kumchota aliyelala bapa.

Fisi, chui na simba wanafanana katika jambo moja: anayekimbia huonekana kama windo. Simama, jikuze kwa kuinua mikono au kanga, mnyanyue mtoto mdogo bila kuinama muda mrefu, paza sauti nzito, na urudi nyuma ukiwa umemwelekea. Fisi mrushie mawe. Chui usimkazie macho, na usimwendee kamwe ukimkuta kwenye banda au chini ya kahawa. Mwachie mlango, ita watu, na taarifa iende kwa askari wa wanyamapori. Akikurukia, pigana, na ulinde shingo.

Majeraha na nyoka

Aliyeumwa au kukwaruzwa na fisi, mbweha, mbwa au mnyama yeyote mwenye manyoya aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama jeraha ni dogo, kwa sababu dalili za ugonjwa huo zikishaanza hakuna dawa ya kuurudisha.

Aliyeumwa na nyoka avuliwe pete na bangili, alazwe, kiungo kilichoumwa kifungwe kwa ubao kisitikisike, na apelekwe hospitali akiwa amebebwa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, na usipoteze saa moja kutafuta jiwe la nyoka. Swila akikutemea sumu machoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15 hadi 20, kisha uende ukaonwe na daktari. Viatu vya kufunika mguu na tochi usiku huzuia sehemu kubwa ya ajali hizi, pamoja na kufyeka majani na kuondoa rundo la matofali kando ya nyumba, ambamo panya hukaa na nyoka hufuata panya.

Kutoa taarifa

Mnyama akiingia kijijini, mwambie mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, ambao watawasiliana na askari wa wanyamapori wa kijiji, ofisi ya wanyamapori ya halmashauri, TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au hifadhi iliyo karibu. Uwe na namba zao zimeandikwa ukutani, si kwenye simu moja inayoweza kuisha chaji. Anayepiga simu aseme mahali, idadi ya wanyama, wanaelekea wapi, na kama kuna mtu aliyeumia.

Serikali hutoa kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia ya aliyeuawa, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zake. Si fidia, na kiasi chake hakilingani na hasara; ni vema kulijua hilo mapema ili mtu asikope kwa kutegemea fedha hizo. Usifyeke mabua yaliyovunjwa kabla ya ofisa kufika kupima. Piga picha zinazoonyesha nyayo, kinyesi na ukubwa wa eneo lililoharibiwa, ukiweka jembe au ndala kando ya wayo ili ukubwa uonekane. Andika tarehe, saa na majina ya majirani wawili walioshuhudia, na uhakikishe unabaki na nakala ya fomu iliyogongwa muhuri. Mnyama akifa shambani kwako, usiguse nyama, meno wala ngozi, kwa kuwa ni nyara za Serikali, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa la jinai hata kama ni yeye aliyekuharibia mahindi. Askari wakisha kuondoka na fomu zikisha kujazwa, rudi kwenye uzio mchana huo huo, tafuta mahali alipopitia, uzibe, upake pilipili upya, na uandike kwenye kalenda.